Jina Lililobaki Kwenye Noah

Kule Kikula, mtaa mmoja wa mji wa migodi ya shaba, mtu aliyetaka kuuza gari lake mwenyewe, bila kuwanenepesha wakomisionere wanaoshinda vijiweni wakisubiri kumega bei za wenzao, aliambiwa apite kwanza kwa Papa Ramazani. Hakuwa mfanyabiashara wa magari. Alikuwa dereva, miaka ishirini na sita akipanda na kushuka njia ya Kakanda na malori ya mawe ya shaba. Katika miaka hiyo aliuza magari saba ya kwake na mengine kadhaa ya ndugu na majirani, na hakuna mnunuzi aliyewahi kurudi mlangoni kwake kulalamika. Jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ushauri aliutoa bure, ila ilibidi uusikilize wote. Osha bodi, usioshe injini, maana injini inayong'aa humfanya mtu aulize unaficha nini. Mwite mnunuzi asubuhi, injini ikiwa bado baridi, umwachie ufunguo awashe mwenyewe. Aje na fundi wake, si wako. Ubaya wa gari utaje wewe kabla fundi hajaugundua. Kasoro uliyoisema hupunguza bei kidogo, lakini kasoro aliyoivumbua mwenyewe huua biashara. Bei itaje mara moja, kisha ufunge mdomo. Hapo ndipo wengi walishindwa, alisema, kwa sababu wanaogopa kimya, wanaanza kujipunguzia wenyewe kabla hata hawajaombwa.

La mwisho alilisema kwa ukali, kidole juu, kama anamgombeza mtu. Lilihusu carte rose, ile kadi yenye jina la mwenye gari.

"Motokari haiuzishwe mupaka jina inatoka ku carte rose. Muende bawili ku bureau, mufanye mutation, jina ibadilike, njo kila muntu arudie kwake. Ukimupa funguo tu, unamupa jina yako atembee nayo."

Watu waliitikia, ee, Papa, ni kweli. Nusu yao hawakufanya, kwa kuwa ofisini kuna foleni na ushuru.

Sasa, mgongo wa dereva una siku zake. Wa Ramazani ulikata shauri alipofika miaka hamsini na minane: asubuhi moja alishindwa kushuka kwenye lori, wakamshusha wenzake kama gunia. Akaacha kazi. Alibaki na Toyota Noah ya kijivu, na mkewe Karima akamwambia waziwazi kwamba gari la mtu asiyeweza kukaa ni pambo. Wakakubaliana waliuze, wanunue mashine ya kusaga mahindi. Nyumba tatu za jirani zilikuwa zinabeba mahindi kichwani hadi sokoni, na Karima alikwisha kuona pale kibanda cha mashine kingekaa.

Aliyekuja kununua alikuwa Moussa. Wote Kikula walimjua: kijana wa miaka thelathini na kitu, anapeleka unga na mafuta ya kupikia Kakanda kuwauzia wachimbaji, haruki sala ya Ijumaa, na watu wa kwao walitoka Maniema kama wa kwao Ramazani. Ramazani alifanya kila kitu kama alivyofundisha. Alimwita asubuhi. Alimwonyesha kutu chini ya mlango wa nyuma na mlio wa usukani unapokata kona. Fundi wa Moussa alilala chini ya gari nusu saa, akatoka hana la kuongeza. Bei ilitajwa mara moja, na Moussa akalipa yote kwa mkupuo mmoja.

Ikabaki karatasi. Ijumaa ile, baada ya sala, walisimama uani kwa msikiti na mashahidi wawili: mzee mmoja wa safu ya mbele, na kaka yake Moussa. Ramazani akafungua kinywa aseme neno la ofisi.

"Papa, mutation ntafanya," Moussa akamwahi, anacheka. "Nipe mwezi moja tu, biashara itulie. Ao unaniwaza mwizi?"

Kila mtu alicheka, na Ramazani akacheka pia. Aliona aibu. Kumdai karatasi kijana aliyetoka naye kusujudu sasa hivi, mbele ya kaka yake, kulionekana kama kumtemea mate. Wakainua mikono, mzee akasoma fatiha, wakapeana mikono, na Noah ikaondoka na jina la Ramazani ndani ya kisanduku cha mbele. Hata ile hati ndogo ya mauzo, karatasi moja tu na sahihi mbili, hakuiomba. Mtu mzima, mjuzi, mwenye kidole cha kuwaonya wenzake! Kwa pesa zile Karima akapata mashine yake ya kusaga. Mwezi ukapita, ikapita minane, na kila walipokutana walisalimiana, na hakuna aliyekumbusha.

Mwezi wa tisa tairi la mbele lilipasuka kwenye njia ya Kakanda. Noah iliacha barabara, ikamgonga mama Adrienne aliyekuwa anauza maandazi pembeni, ikaingia mtaroni. Adrienne alivunjika mguu mahali pawili. Moussa alikufa palepale.

Ramazani alikwenda kuzika. Pamoja na mgongo ule, alitia bega chini ya jeneza hatua kumi na mbili hivi, akapokewa. Alilia kwa sauti, na hakuona haya. Jambo la kadi halikumpitia akilini hata kidogo, mpaka siku ya nne alipoletewa barua ya kuitwa polisi.

Afisa aliyekuwa na faili hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti chenye mto alipoona anavyosimama.

"Weye njo Ramazani Selemani?"

"Ni minye."

"Ile Noah ni ya nani?"

"Ilikuwa yangu. Nilimuuzishaka Moussa, miezi munane inapita."

"Acte de vente, ile karatasi ya kuuzisha, iko wapi?"

"Haiko."

"Kumbe mulifanyaka namna gani?"

"Tulisomaka fatiha."

Afisa hakucheka. Aliitazama kadi, akamtazama yeye. "Fatiha haiingie mu dossier, Papa. Leta muntu wa nyumba ya marehemu, aseme motokari ilikuwa yabo. Ukikosa, mwenye jina njo mwenye motokari. Yule mama banapashwa kumutia chuma mu muguu, na iko na batoto. Muntu moja atajibu. Ninakungojea vendredi."

Maana yake Ramazani aliielewa bila kufafanuliwa. Asipopata wa kusema ifikapo Ijumaa, mashine ya Karima itauzwa ili mguu wa Adrienne utengenezwe, na akikataa kulipa, atalala ndani. Alimpigia simu kaka yake Moussa aliyehamia Kolwezi. Simu iliita mara tatu, kisha ikazimwa. Yule mzee wa safu ya mbele alikwisha kufa wakati wa mvua.

Alibaki Amisa, mjane. Na Amisa alikuwa eda: miezi minne na siku kumi, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani, hatoki ovyo, haonani na wanaume wa nje. Kumtoa siku ya saba ili akasimame mbele ya polisi kungeifanya Kikula nzima iseme. Ramazani alikwenda hata hivyo, na Karima mbele yake. Karima aliingia ndani, yeye akawekewa kiti barazani, pazia katikati.

"Karibu, Papa," sauti ya Amisa ilisema. "Batu banatuambia namna ulimubeba Moussa. Mungu akulipe."

Ramazani alieleza yote polepole. Alipomaliza, ndani mtoto alikuwa anakwaruza sahani.

"Papa," Amisa akasema, "ile motokari haikuwa yetu. Moussa alikuwa anaendesha motokari yako."

Aliyejibu alikuwa Karima, kutoka ndani kulekule, amekaa naye mkeka mmoja.

"Amisa! Si weye njo ulipikia batu pilau siku ile motokari iliingia mu parcelle yenu, hapa uani?"

"Haikuwa yetu," Amisa akarudia, na sauti ikamvunjika. "Mama, niko na batoto bane. Nikisema ni yetu, batakuja kupima hii nyumba, baiuzishe. Tutalala wapi? Unisamehe, Papa. Niko naogopa sana."

Njiani Karima hakunyamaza. Alitembea mbele, khanga imemteremka begani, anaongea bila kugeuka. "Mwite shehe. Aende na Musahafu, amuulize. Mbele ya Musahafu Amisa hawezi kukula yamini ya bongo. Atasema kweli, tutaandika, inaisha."

Na ilikuwa kweli. Ramazani alimjua Amisa tangu akiwa binti; kudanganya kwa woga aliweza, kuapa uongo kamwe. Alhamisi alasiri alikwenda mpaka uani kwa shehe. Shehe alikuwa anatia udhu, akainua uso, akamuuliza anahitaji nini. Ramazani alisimama pale ameshika nguzo ya lango. Alikuwa na hasira na Amisa. Alikuwa na hasira na Moussa kaburini, na kicheko chake kile cha msikitini. Lakini kila alipotaka kufungua kinywa aliiona nyumba ile, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, na watu wa kupima wanavuta kamba kati ya watoto. Na kwa nini? Kwa sababu Ramazani Selemani aliona haya kuomba sahihi. Akamuuliza shehe kama bado kuna muda kabla ya adhana, akaambiwa upo, akarudi nyumbani.

Ijumaa alikwenda peke yake.

"Unaleta nani?" afisa akauliza.

"Siko na muntu."

"Kumbe motokari ni ya nani?"

"Jina ni yangu."

"Papa, sikuulize jina."

"Andika ni yangu."

Aliweka sahihi mahali patatu. Mashine ya kusaga iliondoka kwenye kibanda chake wiki ileile, imefungwa kamba juu ya mkokoteni, na Karima aliingia ndani ili asiione. Kwa siku kumi na moja hakumsemesha mumewe ila mambo ya chakula. Adrienne alitiwa chuma. Ramazani alipokwenda kumtazama hospitalini, yule mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole ya mutoto yako, Papa," alimwambia. "Ni weye muzazi wake, bananiambia."

Hakumsahihisha. Alikaa kidogo, akaacha machungwa, akaondoka.

Majirani walimsifu. Walisema Papa Ramazani ni mtu, wamebaki wachache kama yeye, na sifa zile zilimkera kuliko matusi. Yeye alijua kilichomo rohoni mwake. Alilipa, lakini hakusamehe. Alijaribu baada ya kila sala kulisema jina la Amisa kwa wema, na kila mara ulimi ulikwama.

Siku Amisa alipotoka eda, safari yake ya kwanza ilikuwa kwao. Alikuja asubuhi na watoto wote wanne, wameoga, wamepakwa mafuta. Ramazani aliisikia sauti yake langoni, akamwambia Karima aseme hayuko. Karima, aliyemtukana mwanamke yule miezi minne mfululizo, alimtazama mumewe kwa mshangao, kisha akatoka kuwapokea na kuwatandikia mkeka.

Amisa aliona viatu vya mzee mlangoni. Alikaa saa nzima, watoto wakala maandazi, mdogo akasinzia mapajani mwake. Nyuma ya ukuta Ramazani alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo unamchoma, akimwomba Mungu ampe nguvu ya kutoka kuwasalimia tu watoto. Alisikia Amisa anainuka, anaaga, anawahesabu wanawe langoni mmoja mmoja kwa majina. Wakaenda, naye hakutoka.