Maji ya Jumatano na Sauti ya Kulipia

Ninyi vijana mnaosoma haya kwenye simu huku mnatembea, simameni kwanza. Mtaanguka mtaroni, halafu mtasema mtaro haukuonekana. Ulionekana. Ninyi ndio hamkutazama. Mimi sioni kabisa, na sijaanguka mara nyingi kama ninyi.

Haya nayasema kwa mdomo, mjukuu wangu wa kike anayaandika. Anafanya kazi Moshi mjini na hupanda huku mlimani kwetu, Kilema, kila Jumamosi. Nimemwambia asinipambe. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikakate majani ya ng'ombe. Nikisema kitu kimepinda, aandike kimepinda.

Macho yangu hayakuzimika siku moja. Yaliondoka kama ukungu unavyoingia mgombani jioni: kwanza unaukosa mgomba wa mbali, halafu wa katikati, mwisho unabaki na ule ulioushika. Daktari alisema ni presha ya macho, akasema nimechelewa kufika. Nikamwambia sikuchelewa, nilikuwa nakuja kidogokidogo. Hakucheka.

Watu hudhani asiyeona yuko gizani. Mimi niko ndani ya weupe, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Asubuhi weupe ule una joto upande mmoja, basi najua jua limetokea wapi. Mlima nao siuoni, lakini nikiuelekea paji la uso linapoa. Nikilala, naona. Naota migomba na kila jani lina mshipa wake. Naota mfongo, maji yanapita juu ya mawe nami nayahesabu mawe. Nikiamka nabaki na mlio peke yake, na siku nyingine sijui kama bado naota au maji yamefika kweli.

Mfongo ni mfereji wetu, uliochimbwa na wazee wa zamani kuleta maji kutoka msituni. Unakwenda kwa zamu. Zamu ya nyumba yetu ni Jumatano. Alfajiri mkamwana wangu hupanda mpaka kwenye lango la juu, anaondoa mawe na magome ya migomba yaliyozibia, na maji yanageuka kuja kwetu. Yanapita mlangoni, yanafuata njia ya miguu ndani ya kihamba, shamba letu la migomba, yanaishia karibu na barabara ya magari. Siku nyingine zote njia ile ni bubu. Jumatano inaongea.

Kwa hiyo Jumatano ndiyo siku yangu ya kutoka. Maji mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia ikigusa masale, ile mimea ya mpaka ambayo marehemu mume wangu aliipanda kuzunguka kihamba. Nikiwa kati ya maji na masale, siwezi kupotea hata nikitaka.

Ninakwenda kwa dada yangu mkubwa. Ana miaka miwili kitandani, nyonga ilivunjika na haikuunga. Kati ya watoto tisa wa mama yetu tumebaki sisi wawili. Jumatano tunasali rozari, tukimaliza tunawasengenya waliokufa, maana walio hai wana masikio. Nisipofika, hali chakula mpaka kesho yake. Hasemi kwamba amekasirika. Anageukia ukuta tu.

Shida ilikuwa barabara. Nyumba yake iko ng'ambo, kupita maduka, njia ya tatu inayopinda kushoto. Maji yangu hayafiki huko. Nilikuwa nasimama pale mwisho wa mfongo nikingoja mkamwana wangu amalize ng'ombe, anishike mkono. Siku nyingine alikuja mapema, siku nyingine jua lilikuwa limeshanichoma kisogo. Kuongozwa si kubaya. Kungoja kuongozwa ndiko kunakozeesha mtu.

Ndipo mjukuu wangu akaniletea simu ya kugusa, na ndani yake programu ya wasioona. Akaishonea mfuko wa kitenge nikaivaa shingoni. Ile programu inaongea njiani: inakwambia umefika njia panda, mbele kuna duka, geuka upande huu. Tatizo inaongea Kiingereza. Nikajifunza maneno sita, kama watalii wanavyojifunza kusema jambo. Nyumbani wakaiita mzungu wa bibi.

Siku ya kwanza nilivuka barabara peke yangu kama mtu anayeelea. Nyayo zangu sikuzisikia. Ile sauti ilikuwa laini, haina haraka, haichoki wala haina ng'ombe wa kukamua. Ilisema kanisa liko nyuma yangu, na palepale kengele ikagonga, kama kanisa lenyewe linaitikia. Nikasimama katikati ya njia nikacheka peke yangu. Mwenye duka akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia sijawahi kuwa salama kama leo.

Dada yangu akasikia fimbo mlangoni.

"Nani kakuleta?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mzungu. Yuko hapa shingoni."

"Mtoe nimwone, kama si mlevi."

Alicheka mpaka akaomba maji.

Mwezi ule wote nilikwenda hivyo. Sikujua kwamba ni mwezi wa kuonjeshwa. Jumatano ya kwanza ya mwezi uliofuata nilifika barabarani, nikaigusa simu, na badala ya njia ikanisomea maneno marefu ambayo hayakuwa katika yale sita. Nikarudi nyumbani kwa kufuata maji. Siku ile dada yangu aligeukia ukuta.

Jumamosi mjukuu wangu akaisoma. "Bibi, muda wa bure umeisha. Sasa inataka ilipiwe kwa mwaka."

"Kiasi gani?"

Akataja. Mkamwana wangu alikuwa anamenya ndizi za mtori, nikasikia kisu kimesimama. Ilikuwa bei ya beberu aliyenona. Tena ni kwa dola, kwa kadi ya benki, maana yake beberu anaongezeka kimo bila kula majani.

"Na wewe," nikamwuliza mjukuu, "ramani iliyo kwenye simu yako unailipia ngapi?"

Akaomba kisu amenye na yeye.

"Nakuuliza."

"Yangu ni ya bure, bibi."

"Sema kwa sauti, mama yako mdogo asikie. Mwenye macho anapewa njia bure. Asiye na macho anauziwa."

"Bibi, hizi za wasioona wanaozitumia ni wachache, na waliozitengeneza nao wanakula."

"Wale. Nani kawakataza? Lakini mbona sahani waliyoiona ni ya kipofu?"

Kisha nikaongeza neno ambalo halikuwa la lazima. Nikasema, "Izimeni. Nitakaa ndani kama mtungi, mniweke kifuniko asubuhi na jioni." Neno kama hilo ukilisema mbele ya watu wanaokupenda, umewatuma kazi bila kujua.

Jumamosi mbili baadaye mjukuu wangu akanirudishia simu. Ile sauti laini ilikuwa imerudi. "Imeshalipwa, bibi." Nami ninayeuliza bei ya kiberiti sikuuliza imelipwa na nini. Hilo ni kosa langu, na nimemwambia aliandike hapa waziwazi. Nilitaka sana kwenda kwa dada yangu.

Jumatano nikavaa viatu mapema. Nikatoka mlangoni, na njia ilikuwa bubu.

Nikangoja kidogo. Ulikuwa msimu wa ukavu, nikadhani maji ni machache na yanakawia. Nikaigusa simu, lakini ndani ya kihamba migomba imefunga juu kama paa la nyumba, na mzungu anaijua barabara ya magari, hajui njia za miguu yetu. Akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akaniambia nigeuke tena. Fimbo ikatafuta masale, ikakuta upenyo, nikapita nikidhani ni upenyo wetu.

Nilitembea ndani ya ule weupe sijui kwa muda gani. Majani makavu ya migomba yalinigusa mabega kama watu wanaopishana nami msibani, kimya, kila mtu na kanga yake. Nilisikia harufu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inayochemka, nikasema hapa ni kwa fulani. Halafu nikakumbuka huyo fulani alishakufa na nyumba imebomolewa. Sikuogopa. Ndilo jambo la ajabu. Nilihisi kama nimelala na nikiamka nitaona.

Ndipo nikayasikia maji, mbali, upande ambao hayakupaswa kuwa. Mguu wangu hauna akili nyingine, ukisikia maji ya Jumatano unayafuata. Nikayafuata. Yakakaribia, yakapanuka, yakaingia kwenye viatu. Chini palikuwa laini, na kila hatua kitu chororo kilivunjika. Nikasikia harufu ya majani ya nyanya.

"Shikamoo, mama!" Alikuwa jirani yetu wa upande wa juu, mwanamume aliyebatizwa siku moja na mwanangu. "Mama, unaoga au unanivunia?"

"Marahaba. Niko wapi?"

"Uko katikati ya nyanya zangu."

"Na haya maji ni ya nani?"

Nilisikia jembe limewekwa chini.

"Yangu, mama. Mkamwana wako amenipisha Jumatano yenu kuanzia leo mpaka msimu uishe. Nilimlipa taslimu. Kumbe hakukwambia?"

Nikaelewa yote nikiwa nimesimama pale, maji kwenye vifundo vya miguu. Wameuza zamu ya maji ili wanilipie sauti. Mjini labda mtu angeuza redio. Sisi wa mlimani tunauza zamu. Na aliyeiuza hakujua kwamba yale maji ndiyo yalikuwa macho yangu ya nusu ya kwanza ya safari. Kwake yalikuwa maji ya migomba na majani ya ng'ombe, na alikuwa tayari kuikosesha migomba maji kwa ajili yangu.

Jirani akanishika mkono mpaka nyumbani. Dada yangu sikumfikia.

Mkamwana wangu alipoona viatu vyangu alijua. Nikamwuliza kwa nini.

"Mama, ungekubali ningekwambia?"

"Nisingekubali."

"Basi. Na ulisema utakaa kama mtungi. Mume wangu yuko Kahe kwenye mpunga mpaka mwisho wa mwezi, ulitaka nimwulize nani? Mimi mtungi siwezi kuutazama kila siku." Akalia kwa hasira, siyo kwa huruma, na nilimheshimu kwa hilo. "Kumbe hukuwahi kuniambia kwamba unafuata maji! Mimi nilijua unafuata masale!"

Ni kweli. Sikuwahi kumwambia. Miaka yote niliona aibu kusema kwamba nasikiliza mfereji kama mtoto. Nilitaka wadhani naijua tu njia.

Asubuhi yake nikaenda mwenyewe kwenye mpaka, nikapapasa, nikachuma jani moja la isale. Vijana wa mjini labda hamjui: kwetu ukimkosea mtu unalifunga jani la isale fundo, unampelekea kwa mikono miwili, na akilipokea hana ruhusa ya kuendelea na kinyongo. Mimi nimepelekewa masale mengi katika maisha yangu. Kumpelekea mtu sikuwahi. Mume wangu alikufa akiningoja nimletee moja. Vidole vilisahau fundo, ikabidi mkamwana wangu anishikilie ncha.

Tukaenda wote wawili.

"Nimekanyaga nyanya zako," nikamwambia jirani.

"Mama, jamani! Isale kwa nyanya? Ungeniambia pole tu."

"Pokea kwanza."

Akapokea. Nilisikia amevua kofia.

"Sasa nina neno. Maji uliyonunua ni yako, sikunyang'anyi. Lakini mlio wake haukuuzwa. Naomba Jumatano asubuhi maji yapite kwetu kwanza, yashuke mpaka barabarani. Nikishafika, mkamwana wangu ataziba kwetu na kukufungulia wewe. Utachelewa kumwagilia kwa muda wa mimi kutembea."

"Unatembea polepole, mama?"

"Polepole sana."

Akacheka. Nyanya hazipendi jua kali kabla ya maji, hilo nalijua, nililima. "Umeshanipa isale," akasema. "Nitafanyaje?"

Ile programu bado ninayo, kwa sababu imelipiwa mwaka mzima na dola hairudi. Barabarani inanifaa, sisemi uongo. Mwaka ukiisha sijui. Nimemwambia mjukuu wangu awaandikie wenye programu, kwa Kiingereza chao, kwamba bei yao imekausha migomba yangu Jumatano nyingi. Amesema hawatajibu. Nikamwambia aandike hivyohivyo.

Jumamosi hiyo nikawaita wote mezani, mkamwana na mjukuu, na mwanangu nikamweka kwenye simu kutoka Kahe. Nikawaambia: "Kitu cha nyumba hii kisiuzwe tena kwa ajili yangu kabla sijaambiwa. Na kila Jumatano maji yapite mlangoni kabla sijavaa viatu, wala mtu asiyageuze mpaka nipige simu niseme nimefika barabarani."