Suti ya Theluji Aliyoishona Baba

Juzi nilipita Fordsburg, hapa Johannesburg, kununua kitambaa, nikakuta televisheni dukani inaonyesha wasichana wenye skii, zile mbao za kutelezea theluji, miguuni. Walishuka mlima mbio, wakarushwa juu na kilima cha theluji, wakajipindua hewani na kutua wima. Mwenye duka akaniambia, "Mchezo huo, dada, mtoto wa Joburg hajawahi kuujaribu." Nililipia kitambaa changu nikatoka, maana ningemjibu tungegombana. Kwa hiyo nakusimulia wewe, rafiki yangu.

Mtoto wa Joburg aliujaribu, na mtoto huyo ni mimi. Tulihamia Fordsburg mwaka 2008, baada ya majirani kutufukuza mtaa wa Alexandra kwa fimbo kwa sababu tulitoka Uvira, Kongo. Baba alikuwa fundi cherehani. Tuliishi nyuma ya duka lake, sombe ya Mama, majani ya muhogo, ikichemka upande huu, cherehani ikilia upande ule. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Nikimaliza, napanda meza ya kukatia na kujirusha kwenye lundo la mabaki ya vitambaa, miguu juu kichwa chini. Mama alilalamika, "Mutoto mwanamuke anaruka kama chura, nani atamuoa?" Baba alicheka, akaongeza lundo.

Mwalimu wetu wa michezo shuleni aliniona nikijipindua vile uwanjani, akanipeleka kwenye klabu moja ya mchezo huo upande wa Sandton, kwa matajiri. Joburg haina mlima wa theluji, hivyo klabu ilijenga njia ya mbao kando ya bwawa, ikaitandika mkeka wa plastiki na kuumwagia maji. Unateleza, njia inakurusha, unajipindua, unaangukia bwawani na skii zako. Buti nilizopewa zilinipwaya, Baba akazijaza vitambaa. Ukiwa kule juu hujui maji yako wapi, lazima mtu wa chini akupigie kelele ujue lini unyooshe mwili. Mwalimu wa klabu alikuwa mama wa Kizulu, lakini aligundua kwamba nikiogopa nasikia Kiswahili tu, akajifunza kunipigia kelele, "Ngoja... ngoja... funguka!" Aliyatamka vibaya maneno hayo, nami nayapenda hadi leo.

Wafadhili wakija, mwenyekiti wa klabu alinitanguliza mimi. "Huyu ni binti yetu," alikuwa akisema, mkono begani kwangu, watu wakipiga picha. Mwaka 2013 ikapatikana nafasi moja ya kwenda ng'ambo kuruka kwenye theluji yenyewe. Klabu nzima ilijua nani anaruka vizuri kuliko wote. Baba hakungoja kuambiwa. Alishona suti nyepesi, rangi za bendera ya nchi hii mabegani, na kila jioni alinisimamisha mezani, akirekebisha hapa na pale. Wateja waliokuja kuchukua suruali zao walilazimishwa kuisifu kwanza.

Kisha mwenyekiti akaja dukani na uso wa msibani. Eish, alisema, inamsikitisha sana, lakini anayekwenda lazima awe raia, na mimi ni mkimbizi. Kumbe jambo hilo alilijua tangu siku ya kwanza! Kwenye picha nilikuwa binti yao, kwenye safari nikawa mkimbizi. Nafasi alipewa msichana ambaye bado aliziba pua akianguka majini. Simchukii, alikuwa mtoto kama mimi. Lakini yule bwana hakuishia hapo. Alinyooshea kidole suti iliyotundikwa ukutani, akauliza kama Baba angeweza kuipunguza kiuno, maana mwenzangu alikuwa mwembamba zaidi. Tena alikuwa amekuja naye, yuko garini.

Nilingoja Baba amtimue. Badala yake alimwita msichana ndani, akampima, akafumua mishono yake mwenyewe mbele ya macho yangu, akashona upya.

Siku hizi bwawa lile limefukiwa, pamejengwa nyumba zenye kuta ndefu. Yule mama wa Kizulu amerudi kwao, na pale palipokuwa na cherehani panauzwa simu. Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Wao hawakumwona mwenyekiti akiondoka na suti mkononi, na Baba akimfuata hadi kwenye gari, akimshukuru kwa Kiingereza chake cha sokoni, akishukuru tena na tena hadi gari likakata kona. Tangu Alexandra, Baba alimshukuru kila mtu ambaye hakumpiga.