Amina ya Dada

Dada yangu ametunza maktaba ya chuo miaka ishirini na sita, na mpaka leo hajui kama alifukuzwa au aliombewa. Mimi najua. Ila mimi ni kibarua wa jikoni, nani atanisikiliza?

Chuo chetu ni kidogo, cha kanisa, kiko ubavuni mwa mlima. Wanafunzi hawafiki mia mbili lakini wanasoma vyote: falsafa, muziki, historia, hesabu, na Biblia juu yake. Maktaba ni chumba kimoja nyuma ya kanisa. Ukungu huingia hata madirisha yakifungwa, basi kila asubuhi dada hufuta vitabu kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, huku akivigombeza: "Wewe nawe, si jana tu nilikupangusa?"

Jumanne hiyo akaletewa kikaratasi kutoka kwa Mkuu wa chuo: "Njoo saa nne. Kuna wito."

Wito! Hapo kichwa kikamzunguka. Mhubiri wetu akisema wito, ni Mungu anakuita umtumikie. Ofisi ikisema wito, kajieleze. Fundi bomba aliitwa hivyo hivyo, akashuka mlima na godoro kichwani. Dada akaja jikoni mbio.

"Mdogo wangu, huu ni upi?"

"Kwani umekosa nini?"

"Sijakosa kitu!"

"Basi ni wa Mungu huo. Nenda."

Nilijitia kujua, Mungu anisamehe. Nyumba tunayokaa ni ya chuo, amepewa dada kwa sababu ya kazi yake, na mama yetu havuki kizingiti bila kushikwa mkono. Kazi ikienda, mama tunampeleka wapi?

Aliporudi alinisimulia mwenyewe. Mkuu alimkaribisha chai, akamsifu weee, akasema dunia imebadilika, vitabu siku hizi viko kwenye kompyuta. Dada akaitikia ndiyo, ndiyo, maana ni kweli. Kisha Mkuu akasema, "Tuombe." Akaomba Bwana amwite mtumishi wake kwenye mapumziko mema, amfungulie mlango mwingine. Dada akadhani anaombewa likizo. Katibu muhtasi yuko pembeni, kalamu mkononi. Maombi yakaisha, na hapa chuoni maombi yakiisha mtu anasema nini kingine?

"Amina," dada akasema.

Katibu akaandika: amekubali kustaafu kwa hiari, nyumba ataiacha mwisho wa mwezi.

Jamani! Niliupiga mwiko mezani mpaka ukavunjika. "Rudi sasa hivi ukakane!"

"Nitaikanaje amina?"

"Utasema hukuelewa!"

Alirudi kweli. Mkuu akamuuliza kwa upole, upole ule wake unaoniudhi, "Kwa hiyo mama, unataka kuyafuta maombi?" Dada wa watu akashukuru, akatoka. Eti akashukuru! Njia nzima ya kurudi nyumbani akawa ananiuliza, "Lakini mbona alipoomba alikuwa amefumba macho?" Nilitaka kumpigia kelele, ila nikamshika mkono tu, tukaendelea kutembea.

Jioni tukaketi mezani. Mama, ambaye tulikuwa hatujamwambia kitu, akaombea chakula kama kawaida yake, akamshukuru Mungu kwa nyumba hii na kwa kazi ya binti yake mkubwa. Akamaliza. Mimi nikaitikia amina.

Dada alikaza midomo, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "hebu rudia polepole. Umesema tunakubali nini?"