Kalsiamu kwa Ng'ombe wa Kigwa

Zama za Mwingereza nilikuwa msaidizi wa mifugo Tabora, na huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Siku moja ikaja simu ya maandishi: ng'ombe wa mjane mmoja wa Kigwa kazaa jana, leo hainuki. Bwana mifugo alikuwa kijiji cha Choma akichanja ng'ombe, kwa hiyo nilipanda treni ya asubuhi peke yangu na sanduku la dawa.

Nilimkuta ng'ombe amelala, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi, hana habari na nzi machoni. Alikuwa chotara wa Kizungu, mwenye maziwa mengi. Nilimwamkia mjane shikamoo. Akaitika marahaba bila kunitazama. Kando yake mchinjaji alikwisha noa kisu. Alinieleza kwa upole kwamba mnyama akifa hivi hivi atakuwa kibudu, na Waislamu wa kijiji hawatamgusa.

Nikamweleza mama nilivyofundishwa. Kila chembe hai ya mwili imefunikwa na utando mwembamba, na kwenye utando huo mna njia za kupitisha chumvi. Kalsiamu, ile iliyomo kwenye chokaa na mifupa, isipoingia kwenye ncha za neva, msuli haupati amri. Ng'ombe wake alikuwa ameipeleka karibu yote kwenye maziwa. Siku hizo sikujua njia zile zimeumbwa kwa nini. Nilikuja kusoma uzeeni kwamba ni protini, na nyingi huchagua chumvi ya kupitisha.

"Kwa hiyo miguu haijafa?" aliuliza.

"Ni mizima, mama. Haijaamriwa tu. Nitamtia kalsiamu mshipani."

"Na ukikosea?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hata moyo una utando kama huo, na dawa ikiingia kwa haraka moyo utasimama.

Akamgeukia mchinjaji. "Weka kisu chini, unishikie kichwa chake. Na wewe mwanangu, anza."

Niliipasha chupa ya kalsiamu kwenye maji ya moto mpaka ikawa na joto la mwili, nikautafuta mshipa wa shingo, nikauchoma sindano yenye mpira uliotoka chupani. Mama mwenyewe aliinua chupa. Mimi nilitega sikio kifuani pa ng'ombe, na kila mapigo yalipoanza kuruka nilimwambia aishushe.

Chupa ilipofika nusu, paja likatetemeka, kisha mwili mzima. Ng'ombe akabeua, akatoa kinyesi, na mchinjaji akacheka kwa furaha. Pua iliyokuwa kavu ikaota matone. Nilikuwa bado nasafisha sindano ng'ombe alipoinua sehemu ya nyuma, akayumba, akasimama wima, akamwita ndama wake.

Mama alipiga vigelegele, majirani wakaitikia hadi stesheni. Nikamwonya asimkamue maziwa yote siku mbili tatu. Alinilisha ugali na kuku, na katika treni ya kurudi nilimsimulia abiria nisiyemjua kisa chote, mwanzo hadi mwisho, mpaka tukaingia Tabora.