Urbano Amsubiri Mwekezaji

Jirani yangu Urbano alikuwa mwalimu wa kompyuta hapa Singida Mjini. Chuo chake kilikuwa chumba kimoja cha kupanga chenye kompyuta nne. Alifundisha kuandika programu kwa zana za kampuni moja ya Marekani, na za kampuni nyingine hakuzijua. Mwaka 2006 akasoma kwenye intaneti kwamba kampuni hiyo inauza kitengo cha zana hizo, na mnunuzi bado hajulikani.

Mtu mwingine angeendelea na somo. Urbano alikulia kwenye nyumba za kiwanda cha mafuta ya alizeti, na kiwanda kilipotangazwa kuuzwa, baba yake na wenzake waliweka spana chini wakamsubiri mwekezaji. Basi naye akafunga darasa.

"Siwezi kufundishia mali ya mtu nisiyemjua," aliniambia, uso mkavu kabisa.

Kompyuta zilikuwa zinawaka kama kawaida. Nilitamani kumzaba kibao.

Akahamia kwenye kibanda cha chai. Huko mnunuzi alipatikana kila asubuhi: mara Msauzi, mara Wachina, mara kigogo wa Dodoma anayejificha nyuma ya shemeji yake. Mwishowe kibanda kizima kikakubaliana kuwa ni Prashant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu siku hizo alikuwa anauliza-uliza habari za kompyuta.

Urbano akampelekea jogoo, ili mambo yakiiva akumbukwe. Prashant, ambaye hajala nyama tangu azaliwe, alimtazama jogoo kwa huruma.

"Mimi nauza misumari, mwalimu," alisema. "Huko Marekani sina hata mjomba."

"Anakataa," Urbano alituletea habari, amefurahi. "Wote hukataa mwanzoni."

Wakati huo mkewe, Eliana, alikuwa akilipa kodi ya chumba kilichofungwa kwa kuuza maandazi. Wanafunzi walishaondoka. Alimsihi mumewe afungue hata nusu siku, akaambiwa avute subira. Nilimwonea uchungu yule mama.

Asubuhi moja Urbano alienda kufagia chumba, mwekezaji asije akakuta vumbi. Akakuta meza tupu. Alirudi nyumbani mbio, nami nyuma yake.

"Nimeziuza," Eliana alisema, huku akikanda unga. "Watoto hawali mwekezaji, baba Deo."

Urbano alikaa kwenye kigoda, machozi yakimlengalenga.

"Kanunua nani?"

"Prashant. Si mlisema ni yeye?"