Harufu ya Silikoni kwenye Vidole vya Mwalimu

Mtaani walimwita Bwana Vipimo, na hakuna aliyemwonea. Miaka kumi na tisa alitengeneza redio, pasi na betri katika chumba kimoja kilichotazama barabara, na hakuwahi kurudisha kitu cha mtu kabla ya kukipima mara tatu na kuandika majibu daftarini. Vifaa vyake vilitundikwa ukutani, kila kimoja juu ya umbo lake alilolichora kwa penseli. Tochi ukimpelekea Jumatatu, ungeipata Jumatatu ya mwezi mwingine, lakini ungezeeka nayo.

"Haraka haraka haina baraka," alipenda kusema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe alimjibu kila mara, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi. Alifundisha shule ya msingi, na mumewe alimwita Mwalimu hata wakiwa wawili tu.

Jumatano moja, mezani, Mwalimu alitaja kwamba kaka yake amefungiwa betri kwenye kayaki. Kayaki ni ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa kukaa mtu mmoja. Shemeji aliununua wa kuvulia, na juzijuzi akaongeza kioo kidogo kinachoonyesha samaki walipo chini ya maji. Kioo kinataka betri, na betri haitaki maji, kwa hiyo lazima ikae ndani ya sanduku lililozibwa barabara.

"Amefungiwa na nani?" aliuliza Bwana Vipimo.

"Na fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi yupo. Ana mikono myepesi huyo, usiseme! Siku mbili tu, kazi imekwisha."

Maji aliyokuwa akinywa yakapita njia mbaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote hiyo shemeji hakuwahi kumpelekea mtu mwingine hata balbu. Ukoo mzima wa mkewe ulikuwa na fundi mmoja tu, naye ndiye huyo aliyekuwa akikohoa.

Mwalimu akamsogezea sahani, na hapo ndipo mumewe aliponusa vidoleni mwake: siki. Si siki ya jikoni. Ilikuwa silikoni, ile gundi ya kuzibia matundu, ambayo hunuka siki mpaka ikauke. Mume mwingine asingeitambua. Yeye aliitambua, na alijua pia kwamba haimgandi mtu aliyesimama mlangoni akitazama. Humganda aliyekaa karibu, karibu kabisa na mikono ya anayeziba.

Akafungua daftari, ukurasa wa nyuma. *Jumatatu amerudi saa kumi na moja na nusu. Jumanne saa kumi na mbili kasorobo. Amesema kikao cha walimu. Leo siki.* Alipokwenda kufunga chumba cha kazi akakuta koleo limetundikwa kinyume, mdomo umetazama kushoto. Akaandika na hilo, akajilaumu kwa uzembe. Wivu, alijiambia, unaharibu hata mikono.

Siku mbili zilizofuata hakutengeneza kitu. Alikaa akimtengeneza yule fundi. Akampa urefu, akampa kucha safi, akampa na maneno ya kuchekesha. Kufikia Ijumaa alikuwa amemvika shati jeupe lililopigwa pasi, na pasi yenyewe aliitengeneza Bwana Vipimo.

Jumamosi asubuhi likamtoka. "Vidole vyako vinanuka mafundi."

Mwalimu akafunga daftari alilokuwa akilisahihisha. "Basi nenda kwa shemeji yako," alisema taratibu, "ukaione kazi ya huyo fundi. Halafu urudi useme tena hivyo hivyo."

Alimkuta shemeji uani, akiisugua kayaki kwa brashi.

"Shemeji! Karibu. Umekuja kuona mtambo?"

"Nimepita tu."

"Na bisibisi mfukoni?"

Bwana Vipimo alichuchumaa nyuma ya kiti, sanduku lilipofungwa kwa mikanda miwili. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Waya uliteremka kwanza, kisha ukapanda kuingia kwenye tundu la juu, ili maji yanayofuata waya yadondoke kabla ya kufika. Silikoni ilizunguka tundu, nyembamba, imelainishwa kwa kidole. Sanduku likiyumbishwa, betri ndani haikucheza. Roho ikazidi kumuuma. Kazi mbovu ingemponya.

"Tundu hili litavuja," alisema, akijua anasema uongo.

"Lilizamishwa pipani saa nzima kabla betri haijaingia. Fungua uone."

Akafungua vibanio, akainua kifuniko. Kuta za ndani zilipakwa chaki ya bluu, na hapakuwa na mchirizi hata mmoja. Tone moja tu la maji likiingia, huchora mstari kwenye chaki. Ujanja huo ulikuwa wake, hakuwahi kumfundisha fundi yeyote. Alitumia vipande vya chaki alivyoletewa kutoka darasani, na aliyemletea hukaa pembeni akishika taa. Chini ya kifuniko palikuwa na tarehe, na alama tatu za vema, kwa wino mwekundu.

Shemeji alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. "Fundi, dada yangu, alisema usiambiwe! Alisema ukijua ni yeye utaikosoa kabla ya kuishika. Nami nisingeweza kukungoja, shemeji, ungepima mpaka samaki wazeeke."

Njia nzima ya kurudi aliona aibu, na chini ya aibu wivu ulikuwa palepale, umebadilisha shati tu. Siku mbili! Na waya umeteremka kabla ya kupanda!

Mwalimu alikuwa katika chumba cha kazi, daftari la mumewe mbele yake, ukurasa wa nyuma.

"Saa kumi na mbili kasorobo," alisoma. "Kumbe hata mimi unanipima?"

"Nimepima vibaya."

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu kwa mkono wake wa kushoto, akapiga mkasi ukurasa mzima, pembe hadi pembe, kama hesabu ya mtoto asiyesikia.

"Na lile tundu," akauliza. "Linavuja?"

Kusema ukweli huo kulimuuma Bwana Vipimo kama kung'olewa jino.

"Halivuji."

Kisha akachukua penseli, na kando ya umbo la koleo lake akachora umbo la koleo la pili, atakalomnunulia Mwalimu Jumatatu, mdomo umetazama kushoto. Alilichora dogo kidogo kuliko lake. Mwalimu akaliona. Akasimama, akaipeleka ile kalamu nyekundu ukutani, akalichora upya kwa ukubwa sawasawa na la mumewe.