Mikono Mitatu Juu ya Uso Wangu

Asubuhi ile niliinama nje ya nyumba kusukutua, maji yakanitoka yenyewe pembeni mwa mdomo na kunilowesha kifua. Nikachota tena, yakatoka tena. Mume wangu alikuwa karibu anatia jembe mpini. Akaniangalia, akaliweka jembe chini.

"Uso wako umefanyaje?"

Nikakimbilia ndani kutafuta kioo. Mdomo ulikuwa umevutwa kulia, na jicho la kushoto halikutaka kufumba. Nikaanza kulia, nikaona nusu ya uso tu ndiyo inayolia. Nusu nyingine ilinitazama kama ya mtu mwingine.

Tulikuwa na miezi michache tu Nyansurura, katika kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mstari, na hukuulizwa unataka kukaa na nani. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa ukoo uliogombana na ukoo wa mume wangu kwa sababu ya ng'ombe, tangu enzi za babu zao. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la watu wazima kila alasiri, na siku mbili kabla ya hapo nilimsahihisha mama yule ubaoni, wenzake wakamcheka. Alitoka bila kuaga.

Kwa hiyo kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilishasema: mwalimu amerogwa, na aliyemroga anajulikana. Mume wangu alichukua panga akaanza kulinoa, ndugu zake wawili wakaja kukaa naye. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mdomo uliopinda ulikuwa wangu peke yangu, lakini damu ingemwagika kwa ajili yangu.

"Wekeni hilo panga," mama mkwe aliwaambia. "Kwanza tumkande mgonjwa."

Akanikalisha mbele ya magoti yake. Alipasha samli, akaanza shingoni, akapanda hadi kwenye shavu kwa vidole gumba, akikandamiza kama anatafuta kitu kilichojificha mfupani. Ndivyo alivyowakanda wanaume waliotoka kulima na wagonjwa wa mgongo.

"Mama, naumia!"

"Panapouma hapajafa. Tulia."

Kweli shingo, iliyokuwa imekaza tangu juzi yake, ililegea. Lakini kesho yake shavu lilikuwa limevimba, na mdomo uko palepale. Mama mkwe aliuangalia, akasema twende zahanati ya Mugumu.

Tulitembea, tukalala njiani kwa ndugu, tukafika zahanati. Muuguzi aliniambia niinue mikono yote miwili, nimbane vidole, nikunje paji la uso. Nilijua atasema kiharusi.

"Si kiharusi," akasema. "Ni mshipa wa fahamu wa uso." Akamgeukia mama mkwe. "Shikamoo mama. Mikono yako inafaa sana kwa mgongo na shingo. Uso hautaki nguvu."

Akatuonyesha: kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwanza, damu itembee, kisha vidole viwili, polepole, kutoka kidevuni kwenda sikioni. Jicho nilifunike wakati wa kulala lisikauke.

"Nitapona?"

"Wengi hupona. Kukuapia siwezi."

Siku ya tatu baada ya kurudi, watu wote walikwenda shamba la kijiji. Nilikuwa peke yangu niliposikia "hodi". Kabla sijaitika, yule jirani alikuwa ameshaingia. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Panga lilikuwa nyuma ya mlango, karibu na yeye kuliko mimi. Aliliona.

"Nasikia mnasema ni mimi."

Nilijaribu kumjibu. Midomo haikukutana, maneno yakatoka kama upepo.

"Sijakuroga, mwalimu. Nilikasirika, ndiyo. Nilikuombea ujikwae ubaoni, wakucheke na wewe. Uso wako sikuugusa." Akaona bakuli na kitambaa. "Umeambiwa ukandwe vipi?"

Nikamwonyesha kwa vidole vyangu. Akakaa. Mikono yake ilikuwa na sugu na harufu ya moshi, lakini ilipita shavuni kwa wepesi. Alipomaliza uso akanishika miguu bila kuniuliza.

"Mzazi tunamkanda hivi akijifungua vibaya," alisema. "Hofu inakaa chini huku."

Aliminya nyayo, akapanda kwenye vigimbi vya miguu kwa kiganja kizima, taratibu. Sikumwamini bado, lakini usingizi ulinichukua, wa kwanza tangu nianze kuugua.

Nilizinduka mume wangu akiwa amesimama mlangoni. Yule mama aliinuka, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Nimemaliza. Kesho nakuja tena."

Mume wangu akasogea kumpisha. Hakuna aliyeomba radhi, siku ile wala baadaye.

Alikuja karibu kila siku. Zilipita wiki nyingi za kujitazama kiooni kwa woga kabla mdomo haujacheza kidogo, na tulipovuna ulezi niliweza kutamka maneno yote. Jicho ndilo halikurudi sawasawa. Hadi leo nikitafuna, la kushoto hutoa chozi, na wajukuu huuliza bibi analilia nini.